Friji ya Mgeni Rasmi

Nchi hii haipo. Nawaambia mapema msije mkahangaika kuitafuta kwenye ramani, na kama yupo atakayejiona humu ndani, huyo kajitafuta mwenyewe, mimi sikumwita. Inaitwa Jamhuri ya Vigelegele. Watu wake ni wema, wasikivu, hawana neno. Serikali yao ndiyo usiseme. Inawapenda wananchi kiasi kwamba haiwezi kuwapa kitu hivihivi tu, bila ngoma, bila maturubai, bila hotuba. Kisima kikichimbwa, maji hayanywewi mpaka yazinduliwe. Choo cha shule kikijengwa, wanafunzi hubana miguu wakimsubiri mgeni rasmi aje kukata utepe, na wapo waliomaliza darasa la saba bila kujua ndani kukoje. Mtu mwenye roho mbaya atasema huo ni upuuzi. Mimi sisemi. Mimi nasimulia tu.

Basi katika nchi hiyo alikuwepo msusi mmoja, jina lake Mwantumu, na mwanawe wa pekee, Shomari, wa miaka miwili na ushei. Shomari alipanda kabati la vyombo akitafuta sukari, kabati likamwangukia, paja likavunjika. Mwantumu akamkimbiza Hospitali Kuu ya Watoto. Daktari akaunyoosha mfupa, akamfunga hogo, ile plasta nyeupe ngumu kama ukuta, kuanzia kiunoni mpaka kwenye kisigino, akasema mtoto atalala wodini wiki kadhaa na mguu utaunga. Mwantumu akashukuru Mungu. Mguu tu, alijiambia, mguu si kitu.

Asubuhi iliyofuata ndipo alipomtazama vizuri jirani yao. Kwenye kitanda cha pili, kilichogusana na chao, alikuwa kalala binti mdogo macho mekundu, makamasi yanachuruzika, anakohoa mpaka kitanda kinatikisika, na uso wote umetapakaa vipele. Mwantumu hakusomea udaktari, lakini hakuna mwanamke aliyekulia uswahilini asiyeijua sura hiyo.

"Nesi," alimwita Nesi Leokadia, aliyekuwa akipita na sinia la dawa. "Huyu si ana surua?"

"Shii! Dada, punguza sauti."

"Surua mnailaza na wenye kuvunjika miguu? Kwani hamna chumba cha kutenga?"

"Kipo. Kile pale mwisho wa ukumbi."

Mwantumu akaenda kuchungulia dirishani. Kweli chumba kilikuwepo, kikubwa, kina hewa, kina mlango wake peke yake. Ndani mlikuwa na makochi yaliyotandikwa vitambaa vya kufuma, feni mbili, katoni za maji ya chupa na bakuli la korosho lililofunikwa kawa. Mlangoni waliandika: CHUMBA CHA MAPUMZIKO CHA MGENI RASMI. Alirudi kitandani amenuna, akakuta yule binti kamnyooshea Shomari mkono, na Shomari, mtoto mwenye kupenda watu, kaushika.

"Mwanangu hajachanjwa," alimwambia Leokadia. "Mara mbili nimempeleka kliniki. Mara mbili naambiwa chanjo imefika ila haijazinduliwa, nirudi. Sasa nifanyeje?"

Leokadia akatazama huku na huku. "Akichomwa leo, au kesho, au hata keshokutwa, chanjo inaweza kuwahi kumkinga. Ikipita hapo, dada, ni majaliwa."

"Na chanjo ipo?"

"Ipo tele. Friji imejaa mpaka mlango unagoma kufunga."

"Si mumchome, basi!"

"Haijazinduliwa," alisema Leokadia, na hapo akakumbuka ana kazi wodi nyingine.

*

Friji yenyewe ilikuwa ukumbini, mahali ambapo kila aingiaye angeiona. Ilizungushiwa utepe mwekundu, ikafungwa fundo kubwa mbele, ikapambwa kama bibi harusi, na huku na huku wamesimama polisi wawili wenye bunduki. Nani angetaka kuiba chanjo ya surua? Hakuna. Walikuwa wanalinda utepe.

Mwantumu akapanda kwa Mkurugenzi, Profesa Majigambo, bwana mmoja mnene mwenye shahada nyingi ukutani na picha nyingi zaidi za yeye akipeana mikono na watu. Profesa alimkaribisha vizuri. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, kwa kuwa huruma ndiyo kitu pekee hospitalini pale ambacho hakikuhitaji kuzinduliwa.

"Mama, nakuelewa sana. Mimi ni mzazi, tena ni babu. Lakini hebu tufikiri kisayansi. Mwaka jana, wilaya fulani, nesi mmoja alifungua chanjo kabla ya uzinduzi. Akachanja watoto wilaya nzima. Unajua kilichotokea?"

"Walikufa?"

"Hata mmoja! Walikingika wote, kiholela! Mheshimiwa Waziri alipofika na msafara wake hakumkuta mgonjwa wa kumhurumia. Akasimama jukwaani kama mkwe aliyefika msiba umekwisha. Aibu ile ya taifa! Yule nesi sasa yuko kituo kimoja huko mpakani, anapima mbuzi."

"Profesa, mwanangu amelala pua kwa pua na surua."

"Ndani ya hospitali? Hapana, mama. Waraka wa Wizara uko wazi: hospitali ni mahali pa kutolea ugonjwa, si pa kupatia. Mtoto hawezi kuambukizwa humu."

"Wajukuu zako je, wamechanjwa?"

"Wote!" alisema Profesa, na wala hakuona haya. "Zao zilitolewa kabla utepe haujafungwa. Kisheria hazina tatizo."

Mwantumu aliona giza. Alitamani kumrukia yule bwana amng'oe sharubu, lakini aliyekabwa hachagui wa kumpigia magoti, basi akapiga magoti. Profesa akamwinua, akafikiri, akapiga meza kwa furaha.

"Bahati yako! Uzinduzi ni kesho. Tulikuwa tunatafuta mtoto wa kuchomwa wa kwanza mbele ya kamera. Mwanao ana hogo jeupe, litatoka vizuri kwenye picha. Na wewe utatoa neno la shukrani. Ratiba inakwenda kuchapwa sasa hivi, nitawaambia waweke jina lako."

Jamani, Mwantumu alilia kwa furaha. Kesho bado ni ndani ya muda! Aliubusu mkono wa yule bwana, na mpaka leo akiukumbuka ule mkono anatema mate.

*

Kesho yake maturubai yalifungwa alfajiri. Wakaja kina mama wa ngoma, wakaja kwaya, wakaja watoto wa shule kupeperusha vibendera, likatundikwa bango refu getini: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Mwantumu alimvalisha Shomari shati la Idi, akamkalisha mbele. Jua likapanda, likashuka. Wacheza ngoma wawili wakazimia. Saa kumi jioni mshereheshaji akatangaza kwa masikitiko makubwa kwamba Mheshimiwa Kishindo, Waziri wa Afya na Furaha ya Watoto, yuko nchi moja ya baridi, anapokea tuzo kwa niaba ya Vigelegele. Tuzo ya nini? Ya kuchanja watoto. Watu wakapiga makofi, kwa sababu tuzo ni tuzo.

"Kesho, bila kukosa!" alisema mshereheshaji.

Kesho yake alfajiri Mheshimiwa alikuwa amerudi, lakini amechoka. Ndege inachosha, msimwonee.

Saa nne asubuhi ya siku hiyohiyo, ambayo kwa Mwantumu ndiyo ilikuwa ya mwisho, Mheshimiwa alikuwa tayari, kaoga, kavaa suti, gari linanguruma. Tatizo ni mkasi. Mkasi wa kuzindulia katika nchi ile ni mmoja tu, wa rangi ya dhahabu, una mto wake wa hariri na una afisa wake wa kuubeba, na ulikuwa umesahaulika kwenye begi huko kwenye nchi ya baridi. Wizara ikatoa taarifa: uzinduzi umesogezwa mbele hadi mkasi utakapowasili salama.

Mkasi! Nesi Leokadia alikuwa na mkasi kwenye mfuko wa gauni. Daktari wa mifupa alikuwa nao wa kukatia plasta, mkubwa, ungekata hata mlango. Wodi nzima ilikuwa na mikasi ya kukata utepe wa kuizunguka nchi. Wote waliutazama ule utepe walipopita, na wote walipita.

Mwantumu naye ni msusi. Msusi anatembea na mkasi. Adhuhuri yake, wagonjwa wanakula, alikwenda mpaka kwenye friji, akautoa mkasi kwenye mkoba, akaunyoosha.

"We mama! Huo mkasi wa nini?" polisi mmoja akamdaka mkono.

"Nakata utepe. Mwanangu muda wake unakwisha leo."

"Ukikata utakuwa umezindua. Wewe ni mgeni rasmi?"

"Mimi ni mama wa mtoto."

"Hicho cheo hakipo kwenye ratiba," alisema polisi, akamnyang'anya mkasi. Kisha akainamisha kichwa akamnong'oneza, "Usinione mbaya, shemeji. Hata mimi binti yangu yuko nyumbani anaisubiri hiyohiyo." Akasema hivyo kwa uchungu wa kweli kabisa. Halafu akasimama wima, akaendelea kuulinda.

*

Ikapita wiki, mkasi bado uko njiani. Shomari akaanza kuchemka. Macho yakawa mekundu, kikohozi kikaja, na baada yake vipele, kuanzia nyuma ya masikio kushuka usoni. Mwantumu alikaa pembeni yake akipepea kwa upande wa khanga na hakulia.

Hospitali ile ina utaratibu wake kwa ajali kama hizo. Mtoto akiugua ugonjwa mpya wodini, anazungushwa. Wakaja wabeba machela wawili, wakamtoa Shomari na hogo lake, wakapita naye getini mpaka barabarani, wakauzunguka ukuta wa hospitali juani, wakamrudisha kwa geti lilelile. Hapo karani alikuwa kakaa mezani anawangoja.

"Mnatoka wapi?"

"Kitanda cha tatu," alisema Mwantumu.

"Nimeuliza mnatoka wapi sasa hivi."

"Barabarani."

"Ahaa! Kwa hiyo surua kaitoa nyumbani," alisema karani, akagonga muhuri. "Wazazi bwana! Mnakaa na mtoto mpaka anaharibika ndipo mnamleta." Wakamrudisha Shomari kitanda cha tatu. Wa kitanda cha nne alikuwa ameanza kukohoa.

*

Hatimaye mkasi ukafika, na Mheshimiwa Kishindo akafuatana nao. Ilikuwa sherehe ya kukata na shoka. Kwa kuwa mtoto mwenye vipele hawezi kuonyeshwa mbele ya kamera, nafasi ya Shomari alipewa mjukuu wa Profesa, bonge la mtoto lenye mashavu, lililokwisha kuchanjwa zamani. Walilisogezea bomba lisilo na sindano, likatabasamu, picha zikapigwa. Utepe ukakatwa. Mlango wa friji ukafunguliwa kwa vifijo. Kisha ikaja hotuba.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa!" alianza Mheshimiwa. "Watoto ni taifa la kesho!" Makofi. "Na kwa kuwa ni taifa la kesho, leo wawe na subira!" Vigelegele. "Wapo maadui wa maendeleo wanaosema eti mtoto anaweza kuingia hospitali zetu na mguu akatoka na surua. Nawauliza: hiyo surua ilipita wapi? Getini si kuna mlinzi?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Profesa akacheka kuliko wote, akifuta machozi kwa leso.

Sasa, ratiba ilikuwa imechapwa kwenye karatasi ya kung'aa, na katika Vigelegele kitu kikishachapwa kwenye karatasi ya kung'aa hakibadilishwi. Namba kumi na moja ilisema: Neno la Shukrani, Bi Mwantumu na Mwanawe. Profesa akamvuta pembeni.

"Mfunike uso kwa khanga. Sema 'asante sana Mheshimiwa', basi. Ukiongeza neno, mguu wa mwanao utamalizia kupona huko kwa mbuzi."

Mwantumu akapanda jukwaani, mtoto mikononi, khanga usoni. Alikuwa kweli kakusudia kusema maneno hayo matatu ashuke. Mtoto anaungua, yeye hataki ugomvi, anataka kivuli na maji. Lakini Mheshimiwa Kishindo aliona mtoto, aliona kamera, na hakuna kiongozi wa Vigelegele anayeweza kuviona viwili hivyo pamoja akatulia. Kabla Mwantumu hajajua nini kinatokea, Waziri alikuwa kampokonya Shomari, kamkumbatia kifuani na hogo lake zito, kabandika shavu kwenye khanga.

"Tabasamu, Mheshimiwa!" wakapiga kelele wapiga picha. Mheshimiwa akaifunua khanga.

"Ana surua, Mheshimiwa," alisema Mwantumu, na mdomo wake ulikuwa kwenye kipaza sauti. "Kaipata humu humu, anakusubiri wewe na mkasi wako."

Maskini Mheshimiwa! Akimwachia mtoto, amekiri kwamba surua imo hospitalini. Akiendelea kumkumbatia, surua iko shavuni kwake. Na hajui chanjo ya utotoni alipata au hakupata, kwa maana hata enzi hizo walikuwa wanasubiri mgeni rasmi. Alisimama na tabasamu limemkauka kama ugali wa jana. Shomari akamaliza ubishi: alimkoholea usoni, kikohozi kizima.

"Mtoeni!" alipiga yowe Mheshimiwa. "Mtoeni huyu, atatuua!" Akamsukumia Profesa, Profesa akamsukumia mezani, katikati ya chupa za maji, Mwantumu akamuwahi. Itifaki haimruhusu mtu kuondoka kabla ya mgeni rasmi, kwa hiyo wakubwa wote walisubiri atangulie kukimbia. Alipotangulia wakamfuata kwa vyeo: naibu, katibu, wakurugenzi, wajumbe wa kamati, kwaya mwisho. Mkasi wa dhahabu ukabaki sakafuni, afisa wake yuko mbali.

Nesi Leokadia aliutazama utepe uliokatwa. Aliitazama friji iliyo wazi. "Si imezinduliwa?" alimuuliza polisi. Polisi akakubali kwa kichwa, akavua kofia, akatimua mbio. Watu wakadhani anaikimbia surua, kumbe kaenda kumleta binti yake. Leokadia akavuta meza, akapaza sauti, "Pangeni foleni!" Akachanja watoto wa wodi, akachanja watoto wa vibendera, akachanja wa barabarani walioitwa na mama zao. Jioni ile alikuwa mtu mwingine, na alikuwa na haraka ya kumlipa Mungu.

Mwantumu naye alisimama foleni, wa mwisho kabisa.

"Dada," alisema Leokadia akiangalia chini, "kwake haitasaidia tena."

"Najua."

"Sasa umesimama ya nini?"

"Nikuone usoni. Mkasi ulikuwa mfukoni mwako siku zote zile."

Leokadia alichovya pamba kwenye maji, akampangusa Shomari macho, ambayo yalikuwa yameanza kuota utando mweupe. Kulikuwa na vidonge vya vitamini vya kuyaokoa macho kama yale, makopo na makopo, stoo. Vilikuwa na uzinduzi wao, mwezi ujao.

*

Shomari hakufa. Homa ilishuka, vipele vikababuka, na siku ya kukata hogo ikafika. Profesa Majigambo alikuja mwenyewe na waandishi wa habari, maana baada ya yale ya jukwaani hospitali ilihitaji habari njema, na mguu ulikuwa habari njema. Hogo likapasuliwa. Mguu ukatoka umenyooka, hauna hata kovu.

"Waandishi, andikeni!" alisema Profesa. "Mtoto huyu aliletwa na nini? Mguu. Umepona? Umepona! Mengine yote kayatoa nyumbani. Msimamisheni, atembee, taifa lione."

Wakamsimamisha. Shomari akapiga hatua moja kwa woga, akapiga ya pili, mguu ukamshika vizuri kabisa. Ukumbi mzima ukaripuka kwa makofi. Mtoto akageuza kichwa upande ule makofi yalikotoka, akainua mikono miwili mbele akipapasa hewa, akawaendea akicheka, akitafuta walipo. Wakazidi kumpigia makofi. Aliendelea kuwaendea vilevile, wima, bila kuchechemea, akapita katikati ya miguu ya waandishi, akaenda kujigonga ukutani.

"Mama," alisema, "washeni taa."